Faili ya Mabawa Haipo

Kila juma kuna kijana ananipigia simu kuniomba faili ya mabawa. Anaanza kwa adabu, anauliza habari ya nyumbani, habari ya magoti yangu, habari ya mvua. Kisha sauti inalainika. "Mzee, ile faili ya mfuniko wa sanduku. Ile yenye mabawa ya kumbikumbi ndani ya mbao. Nitumie tu kwa simu, Mzee, mimi ni kama mtoto wako."

Namwambia faili haipo. Anacheka, kwa sababu anadhani nina choyo. Namwambia tena haipo. Anauliza kama nataka soda.

Basi nimeamua kuandika jambo hili, ili anayefuata nimwambie akasome, na mimi nikae nyumbani kwangu kwa amani. Kukaa nyumbani kwa amani ndicho kitu pekee nilichokitafuta maisha yangu yote. Mkisoma mtaona nimefika wapi.

Mimi ni fundi mbao wa Arua, mstaafu. Kustaafu kwangu hakukuwa na keki wala hotuba. Hakuna aliyewahi kuniajiri, kwa hiyo hakukuwa na wa kuniaga. Siku moja Mama Ayiko, mke wangu, alitoa kiti barazani, akaweka mto juu yake, akasema, "Basi. Hayo magoti yanalia kuliko msumeno. Umestaafu." Nikakaa. Mto ulikuwa wa paka, naye hakuniaga pia.

Wengine huingia useremala kwa kupenda mbao. Mimi niliingia kwa sababu karakana ilikuwa nyuma ya jiko letu. Nilipomaliza sekondari, wenzangu walipanda basi kwenda Kampala kutafuta maisha. Mimi niliwasindikiza mpaka getini kwetu, nikawapungia mkono, nikarudi ndani kabla uji haujapoa. Hata Koboko, ambako mwenye pikipiki anafika na chai ya asubuhi bado iko tumboni, kwangu ilikuwa nchi ya nje. Nilikuwa na shauku nayo kama mtu alivyo na shauku na mwezi: inapendeza, na iko mbali vizuri.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyoipenda mashine. Mashine ile ilikuwa na sifa moja kubwa kuliko zote: ilikuwa haitoki nyumbani.

Ilitoka kwa mpwa wangu wa Kampala. Aliinunua ili ajichongee vitu siku za Jumapili, namna watu wa mjini wanavyonunua viatu vya kukimbilia, na ikamshinda kwa namna ile ile. Akanipakilia kwenye basi. Ilipofika Mama Ayiko alilizunguka boksi, akasema, "Kama ni cherehani, ni yangu."

Haikuwa cherehani. Ilikuwa ile mashine ya kuchonga kwa kompyuta, mnayoiita CNC, ile ndogo ya kujifurahisha. Fremu yake inaenea juu ya meza ya chai, na katikati kuna mota imening'inia kichwa chini kama popo. Chini ya mota unafunga biti, kile kijino kinachozunguka na kula mbao. Kompyuta inaiambia nenda kushoto, nenda kulia, shuka, panda, nayo inakwenda bila kuuliza kwa nini. Katika nyumba yangu hicho kilikuwa kiumbe cha kwanza kutii. Kilitii kompyuta, siyo mimi, lakini nilifurahi kuona utii unavyofanana.

Nisikilizeni sasa, maana hapa pana faida kidogo kabla ya upuuzi kuendelea.

Kupachika mbao ndani ya mbao ni hivi. Unachimba umbo kwenye ubao mmoja, tuseme mvule. Lile shimo ndilo jike. Kisha umbo lile lile unalichonga likiwa limesimama juu ya ubao wa rangi nyingine, tuseme mfenesi, ambao ndani yake ni wa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Hilo ndilo dume. Unapaka gundi, unalipindua dume kifudifudi, unalibana ndani ya jike, unaliacha likauke. Halafu unaranda mgongo wa dume wote mpaka linabaki lile umbo tu, limejaa shimo lake, na ukipitisha kidole husikii mpaka.

Neno la kushika hapo ni kifudifudi. Kwa kuwa dume linaingia limepinduliwa, ni lazima lichongwe likiwa limegeuzwa, kama uso wako kwenye kioo. Mimi hilo nililijua. Mume na mke fulani wa hapa mjini waliagiza ubao wa ukutani kwa ajili ya shukrani ya ndoa yao: kanga wawili wanaotazamana. Nikakumbuka kugeuza. Ila niligeuza majike badala ya madume, ndege mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa. Kila kitu kikaingia vizuri ajabu, bila ufa. Niliporanda na kupuliza vumbi nikaona kanga wangu wamepeana migongo, kila mmoja anatazama mlango wake.

Mama Ayiko aliwatazama kwa muda. "Wapelekee hivyo hivyo," akasema. "Hawa wameoana kweli."

Waliupokea. Nasikia bado uko ukutani kwao.

La pili la kushika ni sufuri. Mashine haijui ubao uko wapi mpaka uionyeshe. Weka kipande cha karatasi juu ya ubao, shusha biti polepole huku unavutavuta karatasi, na pale karatasi inapokataa kutoka, hapo ndipo sufuri. Na kwa kuwa umeme wetu mnaujua, chora msalaba kwa penseli mezani pale ulipoanzia. Umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inasahau kila kitu, hata jina la baba yake. Wewe na penseli yako ndio mtakaokumbuka.

Na la tatu ni la Mzee Taban, ambalo ndilo lililoniponza.

Mzee Taban ni Mnubi wa Koboko. Alinifundisha kazi nikiwa kijana, wakati karakana ya nyuma ya jiko letu ilipokuwa yake, kabla hajarudi kwao. Yeye alipachika mbao kwa kisu, na kisu chenyewe kilikuwa kimenolewa mpaka kimebaki kama ukucha. Alikuwa mwalimu wa aina yake. Ukikosea hakusemi. Anachukua kazi yako, anaiweka kwenye moto wa chai, anakukaribisha chai.

Aliposikia nina mashine alikuja kuitazama. Akaketi mbele yake na kikombe, akaiangalia inavyofanya kazi kama mtu anayemwangalia mkwe mpya akila. Mwisho akauliza, "Na ikichoka, inakunywa nini?"

"Haichoki, Mzee."

"Hm. Basi siyo fundi."

Kisha akapitisha ukucha kwenye ukingo wa shimo nililochimba. Akaurudisha. Akaupitisha tena. "Hii iko na meno. Mashine yako inatetemeka."

Alisema kweli. Mashine hizi ndogo ni nyepesi, na meza yangu ilikuwa nyepesi zaidi. Biti ikizunguka kila kitu kinatetemeka, na mtetemo unaacha vijimeno kwenye ukingo. Dume halikai vizuri kwenye jike lenye meno. Nilikuwa nimejaribu kila kitu: matofali juu ya meza, vipande vya tairi chini ya miguu, kumwomba Mama Ayiko aikalie.

"Fukia miguu," Mzee Taban akasema. "Kama nguzo ya nyumba. Chimba mpaka udongo ile nyekundu, ngumu."

Tukachimba sakafu ya karakana. Miguu mipya ya mtiki, minene kama paja, ikashuka mpaka kwenye udongo mgumu, tukaishindilia kwa changarawe. Nikawasha. Wanangu, ukingo ulitoka kama umekatwa kwa wembe. Vijimeno vyote vilikwisha. Nikamuuliza Mzee, "Sasa mtetemo umekwenda wapi?"

"Chini," akasema, akipuliza chai yake. "Ardhi iko kubwa."

Ardhi ni kubwa, ndiyo. Lakini ina wenyewe.

Ng'ambo ya ua wangu anakaa Mama Candiru, mjane, ambaye tumekuwa majirani tangu nywele zetu zikiwa bado nyeusi. Karibu kabisa na ua, upande wake, pana kichuguu kikubwa. Kwetu, kichuguu ni mali ya mtu kama ng'ombe alivyo mali ya mtu. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakiwa tayari, wale tunaowaita onya, mwenye kichuguu na watu wake wanakuja na vijiti na madebe, wanapiga ardhi, tu-tu-tu-tu, polepole, bila kuchoka. Wale wa chini wanadhani ni mvua inaendelea. Wanatoka, mchana kweupe, na unawapokea kwenye shimo na beseni. Ukienda kupiga kichuguu cha mwenzio bila ruhusa, wewe ni mwizi, na watu hawatakuita kwa jina lingine.

Lakini kichuguu cha Mama Candiru kilikuwa zaidi ya kitoweo. Wakati wa vita watu wa familia ile walikimbilia Congo, kama wengi wetu. Waliporudi hakukuwa na nyumba, hakukuwa na mti, majani yalikuwa juu kuliko mtu, na kila mtu alikuwa anaonyesha kidole kila mahali na kusema hapa ni kwetu. Mama mkwe wake alitembea ndani ya majani mpaka akafika kwenye kichuguu. Akakipiga kwa kijiti. Akasema, "Huyu mimi namjua." Wakajenga hapo. Tangu siku hizo, binti wa nyumba ile akiolewa, wakwe wakija, mama wa binti anawapa kumbikumbi wa kichuguu kile, wamesagwa na simsim, kwenye sahani yao peke yao. Sahani ile inasema: mtoto huyu ametoka mahali, siyo njiani.

Sasa Candiru, binti wa pekee, alikuwa amepata mchumba wa Kuluba, kule Koboko. Mama yake akaja kwangu na kikapu cha yule mama mkwe, marehemu sasa, kimefumwa kwa mistari inayopandana na kushukiana kama milima.

"Baba Ayiko, mtoto anakwenda. Nataka sanduku. Siyo ya duka."

"Ya namna gani?"

Akagonga kikapu. "Hii kitu iingie kwenye mbao. Akifungua asubuhi, aone bibi yake."

"Itaingia."

"Na usimpe migongo kama ile kanga."

Habari zinatembea.

Nilifanya kazi ile kuliko kazi yoyote. Mfuniko wa mvule mkavu, mistari ya mfenesi. Kwenye pembe za mistari, pale panapokuwa pembamba sana, mfenesi ulibanduka hapa na pale, kwa hiyo nikaamua kujaza kwa ile gundi ya chupa mbili, unayochanganya nayo inakauka ikiwa angavu kama kioo. Ni kazi ya kawaida, hakuna haya. Unamimina, unaacha, kesho unapiga msasa.

Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Alhamisi ilinyesha usiku kucha. Ijumaa asubuhi Mama Candiru akatokea kwenye ua, amevaa kitambaa cha akina mama wa kanisa.

"Jirani, onya iko tayari. Nimeona shimo zimefunguka. Nakwenda kanisani kuchukua sufuria za kesho, nikirudi tunapiga. Wewe uko?"

"Mimi niko wapi siku zote?"

"Basi niangalizie. Watoto wa barabarani wanaijua hii kichuguu. Ukisikia mutu anapiga, piga kelele."

"Hakuna atakayepiga," nikasema, kwa sauti ya mlinzi wa benki.

Nikaingia karakana. Nikamimina gundi kwenye pembe za mfuniko, nikauweka kando, karibu na dirisha, ukauke. Kisha nikafunga ubao wa mbele wa sanduku kwenye mashine, nikavaa vile vifuniko vya masikio, nikawasha. Milima ya bibi ilikuwa mingi, biti ilikuwa inashuka na kupanda, tu-tu-tu-tu, bila kuchoka. Kila baada ya muda nilichungulia dirishani kuhakikisha hakuna mtoto aliyekuja na debe. Hakuna. Kichuguu kilikuwa salama. Nilijisikia mtu wa maana.

Baadaye niliona vumbi la mbao linaruka sana. Nikafuta miwani. Vumbi likatua mkononi mwangu na kuanza kutembea.

Nilipotoka nje nilikuta kuku wa mtaa mzima wako kwa Mama Candiru. Sijui nani aliwapa taarifa. Walikuwa wamekula mpaka hawawezi kutembea. Jogoo wangu mwenyewe alikuwa amelala ubavu kama mgeni wa harusi. Kumbikumbi wa mwisho wa mwisho walikuwa wanapanda angani, na juu ya majani yote yalibaki mabawa.

Mama Candiru alirudi na sufuria kichwani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Nani alipiga?"

"Hakuna aliyepiga, Mama Candiru. Nilikuwa hapa. Sikuondoa macho."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafanya sanduku ya Candiru."

Akatua sufuria. Akatazama kuku, akatazama ua, akatazama karakana yangu. Akavua viatu vya kanisani, akasimama peku kando ya kichuguu.

"Baba Ayiko. Nenda uwashe."

Nikaenda nikawasha. Niliporudi alikuwa bado amesimama, macho chini. Kwenye shimo moja akatoka kumbikumbi mmoja, mzembe aliyechelewa, akajikung'uta, akaruka.

"Nilitafuta mlinzi," Mama Candiru akasema, "nikaweka ngoma."

Mama Ayiko akatoa wazo la kununua wa sokoni. Mama Candiru akakataa hata kulisikia. Ya sokoni ni ya sokoni, nani anajua imetoka kichuguu cha nani? Na wakwe walikuwa wanakuja na shangazi wa bwana harusi, Shangazi Poni, ambaye ulimi wake ulijulikana kuanzia Kuluba mpaka huku. Huyo atauliza. Kundi la kwanza la kumbikumbi ndilo lenye mafuta. Wanaotoka baadaye ni wachache, na hakukuwa na muda wa kuwasubiri. Kesho yake binti angeondoka katika nyumba ile bila sahani yake, wa kwanza tangu waliporudi. Alisema hivyo, akachukua sufuria zake, akaingia ndani.

Ndipo nilipokumbuka mfuniko.

Gundi ilikuwa imeanza kukaza. Ndani yake, katika pembe zote za milima ya bibi, yalikuwa yamejaa mabawa. Kumbikumbi wenyewe walikuwa wamejinasua na kwenda zao, au kuku aliyeingia dirishani aliwachomoa, sijui. Mabawa yalibaki, mengine yamelala, mengine yamesimama kama nyasi. Nikampigia simu Mzee Taban.

"Usiguse!" akapiga kelele. "Ukivuta sasa utaharibu yote. Acha ikauke."

"Mzee, nitafanya nini?"

"Itakauka halafu utaona. Lakini niambie, kumbikumbi wametoka namna gani mchana na hakuna ngoma?"

"Mtetemo wa mashine. Umekwenda ardhini."

"Nani mjinga alikuambia ufukie miguu?"

"Wewe, Mzee."

"Mtandao mbaya," akasema, akakata.

Jumamosi alfajiri nilipiga msasa, mkono wa kulia unafanya kazi na wa kushoto unaomba. Yale yaliyosimama yalikatika. Yaliyolala yalibaki chini ya gundi, kama yako chini ya maji. Nikapaka mafuta. Nikafungua dirisha, mwanga ukaingia. Kila bawa lilikuwa na mishipa yake, ya kahawia, midogo kuliko uzi, na ukisogeza kichwa lilimeta. Wanangu, nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuchonga kitu kama kile, na hata siku ile sikukichonga.

Nikampelekea Mama Candiru kupitia uwazi wa ua. Akaupeleka kwenye mwanga. Akaweka kidole juu ya bawa moja, akakiondoa. Kisha akaniambia niweke sanduku chumbani, na nivae shati safi, kwa sababu nitakaa mbele.

"Mimi? Mimi ningekaa tu nyumbani, niwasikilize kutoka..."

"Utakaa mbele."

Wakwe walifika. Sitawachosha na hotuba, ninyi mmezaliwa kwenye hotuba. Chakula kikaja, ugali wa muhogo tunaouita enyasa, mbuzi, samaki wa angara, kila kitu. Katikati ya mkeka, mbele ya Shangazi Poni, pakabaki nafasi ya sahani moja. Mama Candiru aliiacha makusudi. Mimi nilidhani amesahau, nikajaribu kusogeza bakuli la mboga, Mama Ayiko akanifinya.

Shangazi Poni alikula kidogo. Akanawa mikono. Akasema kwa upole uliotisha, "Mama, tumeshiba. Kila kitu iko. Lakini kule kwetu tulisikia hii nyumba iko na kichuguu."

"Iko, Shangazi."

"Na juzi usiku mvua ilitoka."

"Ilitoka."

"Sasa mimi naona hapa kati pako wazi. Macho yangu ni ya uzee?"

Watu wakaacha kutafuna. Candiru, aliyekuwa amekaa na wenzake upande wa wanawake, akainamisha kichwa. Mama Candiru akasimama, akawaambia vijana walete sanduku. Likaletwa, likawekwa pale pale, kwenye nafasi ya sahani.

"Shangazi, leta kidole."

Shangazi Poni akaleta kidole. Akakipitisha kwenye mfenesi, akafika kwenye pembe, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Hii ni nini?"

"Hii ni onya ya kichuguu yangu. Ya jana."

"Na nyama yake?"

Mama Candiru akanionyesha kwa mkono mzima, kama mtu anayetambulisha mgeni rasmi. "Nyama yake imeliwa na kuku, kwa sababu ya huyu fundi hapa. Mashine yake ilipiga ardhi mimi nikiwa kanisani, ikaita yote. Mimi sikudanganyi. Ningeweza kununua sokoni, nikakupa, ukala, ukasifu. Lakini mtoto wangu siyo wa sokoni. Sahani ya shangazi zake wote iliisha siku ile ile. Ya huyu haitaisha. Akifungua sanduku asubuhi kule kwenu, atajua alitoka wapi. Na ninyi mtajua."

Shangazi Poni akamgeukia Candiru, akamtazama kwa muda. Kisha akanigeukia mimi, na nikatamani ardhi kubwa ya Mzee Taban inifungulie kidogo.

"Wewe ndiye uliyeita?"

"Ni mashine, Shangazi."

"Mashine iko ya nani?"

"Yangu."

"Haya. Mabawa tumepokea. Nyama tunaidai. Mvua ya mwaka ujao utaita tena, safari hii mama akiwa hapa. Beseni, siyo kikombe. Na mutu wa kuileta Kuluba ni wewe mwenyewe, siyo basi."

Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele, na Candiru akainua kichwa. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nahesabu milima iliyoko kati yangu na Kuluba.

Sasa mnaelewa. Mwaka uliofuata, mashimo yalipofunguka, Mama Candiru akagonga ua. "Jirani. Washa." Nikatoa biti ili isiharibu kitu, nikaiambia kompyuta irudie milima ya bibi, hewani, juu ya meza tupu. Tu-tu-tu-tu. Nje wanawake walikuwa wamekaa na mabeseni, kuku wote wamefungiwa, wangu wa kwanza. Nikabebwa nyuma ya pikipiki mpaka Kuluba, beseni mapajani, macho nimefumba, nikala kwa wakwe, nikalala kwa Mzee Taban njiani kurudi kwa sababu mgongo ulikataa. Shangazi Poni alisema wana chumvi kidogo. Kwa hiyo nikalazimika kwenda tena mwaka uliofuata kuthibitisha.

Ndiyo maisha yangu. Niliwekewa kiti na mto nipumzike, na magoti yangu yamestaafu kweli, lakini mashine bado iko kazini, na kila msimu inanitoa nyumbani. Candiru ana mtoto sasa. Nasikia anajifunza kusimama kwa kushika sanduku lile, na kucha zake zinakwaruza kwenye pembe, akijaribu kuyatoa mabawa.

Basi wewe unayetaka kunipigia: faili ya mabawa haipo. Iliyopo ni ile ya milima ya bibi, ya kuzunguka hewani bila biti. Hiyo nitakutumia bure, hata leo. Ila fukia miguu ya meza vizuri, na kabla hujawasha, toka nje uulize kichuguu kilicho karibu nawe ni cha nani.